Namba Iliyogonga Dari

Jumanne asubuhi Dona alitoka bafuni ameshika mswaki, na povu la dawa ya meno lilikuwa jekundu.

"Nevena, hebu njoo unitazame. Au miwani yangu ndiyo inanidanganya?"

Nevena, mke wa mwanawe, aliteremsha kahawa jikoni akaja mbio. Alimshika mama mkwe kidevu kama anavyoshikwa mtoto, akamwambia apanue mdomo. Fizi zilikuwa zinavuja damu. Na pale mkono wa sweta ulipopanda, aliona doa la zambarau, pana kama kiganja.

"Umeanguka, Mama?"

"Nianguke wapi? Nilijigonga kidogo tu kwenye mlango wa friji."

Dona alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alistaafu akiwa dereva wa kreni katika bandari ya Ruse, kazi ambayo wanawake walioifanya walikuwa wawili tu, na tangu moyo ulipomsumbua mwaka juzi alikuwa akinywa dawa ya kuzuia damu isigande. Kidonge kimoja kila siku, saa mbili asubuhi.

"Dawa unakunywaje siku hizi?"

"Kama simu inavyoniambia."

"Inakuambiaje?"

"Tangu Jumapili inalia mara mbili. Saa moja inalia, nakunywa. Saa mbili inalia tena, nakunywa. Nikajua daktari kaongeza."

"Mama! Daktari ataongezaje bila kukuona?"

"Sasa mimi nitajuaje?" Dona alifuta mdomo kwa taulo, akaitazama damu iliyobaki pale. "Si wewe uliyeitengeneza? Si wewe uliyeniambia, Mama, usijisumbue tena kukumbuka, kila kitu kimo humu? Basi, sikujisumbua."

Nevena alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Siku tatu. Vidonge sita badala ya vitatu. Na wazo la pili lilimjia nyuma ya lile la kwanza, likamfanya asahau kabisa kahawa: simu ya mama mkwe haikuwa na tofauti yoyote na simu za wengine.

* * *

Programu yenyewe iliitwa Saa ya Dawa. Iliundwa na kampuni ndogo ya Sofia yenye watu saba, na Nevena ndiye aliyekuwa wa saba, akifanyia kazi nyumbani Ruse, kwenye meza ndogo iliyobanwa kati ya friji na dirisha la jikoni. Watu elfu kumi na moja na mia nne walikuwa nayo kwenye simu zao, wengi wao wazee waliowekewa na wauza dawa wa mitaani kwao. Ilikuwa inalia tu. Hilo ndilo lililopendwa. Haikuhitaji intaneti, haikuuliza ila swali moja, umekunywa?, ilikaa ndani ya simu na kulia saa yake inapofika.

Usiku wa kuamkia Jumapili ile saa zilirudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila vuli. Na Alhamisi iliyotangulia, Nevena alikuwa ametoa toleo jipya.

Kalin, mumewe, alimpeleka mama yake zahanati kwa gari la mikate la tajiri wake, Dona amekaa mbele na taulo mapajani. Nevena alibaki. Kosa alilipata kabla hata ya nusu saa kupita. Saa zilipobadilika, programu ilitengeneza kengele mpya ya majira ya baridi, lakini haikuifuta ile ya zamani. Basi zote mbili zilikuwa zikilia, kila siku, na zingeendelea kulia hivyo mpaka majira ya kuchipua.

Alirekebisha mstari mmoja tu. Akajaribu kwenye simu yake, ikalia mara moja. Akaukabidhi mtambo.

Mtambo ni kompyuta wanayokodi, iko wapi hata wao hawajui. Unaupa kazi yako, nao unaikusanya, unaijaribu, unaibandika namba na kuipeleka dukani, kule ambako simu zote huchukua programu, bila mkono wa mtu kugusa tena. Kwa kawaida huchukua dakika ishirini na mwishoni taa ya kijani huwaka kwenye kioo cha kompyuta. Safari hii iliwaka nyekundu.

Nevena alisoma sababu. Akaisoma tena akiwa amesimama.

Kila programu ina majina mawili. Lipo la watu, kama tatu nukta nane, ambalo unaweza kuliandika upendavyo. Na ipo namba ya mashine, ambayo mwenye simu haioni kamwe. Hiyo kazi yake ni moja: kupanda. Duka halipokei toleo jipya mpaka namba yake iwe kubwa kuliko ya toleo lililopita, na likishapokea halirudi nyuma hata kwa machozi. Na namba hiyo ina dari. Dari ni bilioni mbili na milioni mia moja, hakuna zaidi. Kampuni nyingi huanza na moja, mbili, tatu, na watu wake hufa na kuzikwa kabla hawajafika hata elfu kumi.

Toleo la Alhamisi lilikuwa na namba bilioni mbili na milioni mia moja kamili.

Alijua ilikotoka. Ni yeye aliyeiweka. Wiki tatu nyuma alikuwa akijaribu kengele mpya kwenye simu nne za zamani, na simu hizo zilikuwa zinamkatalia kila mara kwa kuwa zina toleo lenye namba kubwa zaidi. Kwa hasira akaandika namba ya juu kuliko zote, zisiwe na la kusema, akakusudia kuifuta akimaliza. Halafu Alhamisi Ognyan, bosi wake, akapiga simu mara tano kabla ya chakula cha mchana. Leo, Nevena. Leo, si kesho. Nevena akaunganisha kila kitu, cha majaribio na kisicho cha majaribio, akaubonyezea mtambo. Mtambo hauna macho. Uliikuta namba, ukaibandika. Na duka likaipokea, maana dari lenyewe linaruhusiwa. Lisiloruhusiwa ni kulipita.

Sasa rekebisho lilikuwa mkononi, mstari mmoja, na hapakuwa na mlango wa kulipitisha. Kupanda haiwezekani, kushuka haiwezekani. Aliandika kwa duka akiomba msaada. Jibu lilikuja baada ya dakika nne, la mashine, lenye adabu nyingi: namba iliyokwisha kutumika haibadilishwi, tafadhali anzisha programu mpya kwa jina jipya.

* * *

"Liondoe hilo toleo dukani," alisema Ognyan kwenye simu. Alikuwa ndani ya gari, sauti yake ikija na kupotea.

"Nimeshaliondoa. Haisaidii. Walio nalo wanalo. Limeshaingia kwenye simu zao zote."

"Basi tuma hilo rekebisho."

"Ognyan, ndicho ninachokueleza kwa robo saa nzima. Hakuna pa kulituma."

Ognyan akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kushika. "Unataka kuniambia kampuni yangu imekwama kwa sababu ya namba?"

"Ndiyo."

"Namba uliyoandika wewe."

"Ndiyo. Mimi. Mama mkwe wangu anatokwa na damu kwenye fizi. Amekunywa dozi mbili kwa siku tatu. Lazima tuwaambie watu. Tuna huduma ya meseji, ile ya kutuma namba za siri za kujiandikisha. Naweza kuwafikia wote kwa dakika kumi."

"Subiri. Subiri kwanza. Keshokutwa nasaini na wale wenye maduka ya dawa mia mbili. Unajua nimewafukuzia tangu lini? Tukituma meseji leo, kesho imo magazetini."

"Watu wanakunywa dawa mara mbili!"

"Nusu yao wanakunywa vitamini, Nevena. Vitamini! Usinifanyie msiba hapa. Nipe siku mbili. Ijumaa tutasema kwa utaratibu, na wanasheria wakiwepo."

"Na wasiokunywa vitamini?"

"Hao wana madaktari wao," alisema Ognyan, na mara hii sauti haikupotea. "Kuna karatasi nakutumia. Isaini ukanitulize moyo."

Karatasi ilifika kabla hajaiweka simu chini. Ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema kwamba yeye, Nevena Todorova, aliweka namba ile kwa hiari yake na kinyume cha maelekezo, kwamba madhara yote ni juu yake peke yake, na kwamba hatazungumza na mtu yeyote nje ya kampuni juu ya jambo hilo.

* * *

Kalin na mama yake walirudi saa saba mchana. Dona alikwenda moja kwa moja kwenye kochi akajinyoosha na viatu vyake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Kitambaa cheupe kilifungwa mahali alipotolewa damu.

"Aache dawa siku mbili, Alhamisi arudi wapime tena," Kalin alisema. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Daktari kaniuliza nani kamwambia anywe mara mbili. Nikasema simu. Akanitazama kama mjinga. Akasema siku nne tano zaidi, angeweza kuvujia kichwani, na hapo hakuna cha kufunga bandeji."

Nevena alimsogezea kompyuta asome karatasi. Kalin alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Isaini," alisema.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma. Wewe ndiye uliyeiandika ile namba, au siye?"

"Mimi."

"Basi kinachosemwa hapo ni kweli. Saini, tuishi. Mshahara wangu unatosha gesi na mkate, Neva, na mkate wenyewe napewa wa jana. Nyumba hii ni mshahara wako. Unataka tukapange chumba na mama mgonjwa?"

"Si kosa ninalolikataa. Ni hapo mwisho. Wanataka ninyamaze."

"Kila mtu kazini kwake ananyamaza kitu! Mimi nanyamaza kila siku. Tajiri anachanganya unga wa mwaka jana na wa mwaka huu, mimi napakia tu, nafunga mlango, naendesha."

"Unga wa mwaka jana hauui mtu."

"Basi waandikie bila jina. Mwambie mwandishi mmoja. Mwambie polisi. Kwa nini lazima uwe wewe?"

"Kwa sababu polisi hawana namba za watu hao, Kalin. Ninazo mimi. Na nitakuwa nazo mpaka Ognyan atakapokumbuka kuninyang'anya ufunguo."

Dona alikohoa pale kwenye kochi. Walidhani amelala.

"Bandarini," alisema akiwa amefumba macho, "siku ile kamba ya kreni ilipoanza kukatika nyuzi, mzigo ukiwa juu, unajua nilifanya nini?"

"Mama, pumzika," alisema Kalin.

"Napumzika. Nilipiga kelele. Nilipiga king'ora mpaka walio chini wakatawanyika kama kuku. Mzigo ukaanguka, mabomba ya watu yakapondeka yote. Kisha msimamizi akaja kuniuliza, Dona, kamba hii uliikagua lini? Nikamwambia sikuikagua, nilikuwa na haraka. Nikakatwa mshahara, nikashushwa cheo, nikafagia ghala miezi minane." Alifumbua jicho moja. "Lakini kelele nilipiga kwanza."

Kalin aliikunja kofia yake, safari hii akaivaa, akasema anarudisha gari. Akatoka.

Nevena aliandika meseji. Aliiandika mara sita ili iwe fupi. *Saa ya Dawa ina hitilafu. Kengele inalia mara mbili. Kunywa dawa MARA MOJA tu, kama daktari alivyokuandikia. Kama umezidisha, mwone daktari leo. Futa programu hii.* Saa tisa na dakika tano alibonyeza. Namba elfu kumi na moja na mia nne zilianza kuondoka, mia kwa mia.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili kioo kilimwambia kwamba jina lake halitambuliki tena.

* * *

Alidhani kubonyeza ndiyo ilikuwa sehemu ngumu.

Lakini wazee wetu wamechoshwa na matapeli. Hakuna wiki isiyokuwa na bibi aliyepigiwa simu na daktari wa uongo, mwanao amepata ajali, tupa fedha dirishani tuanze upasuaji. Kituo cha polisi kimebandika matangazo hata kwenye lifti: usiamini meseji, usiamini sauti usiyoijua. Na meseji ya Nevena, isiyo na jina la mtu, iliwaambia waache kitu walichowekewa na muuza dawa wao kwa mkono wake mwenyewe. Wengi waliifuta. Wengine walipiga simu kampuni kuuliza, na jioni ile Ognyan aliweka tangazo kwenye ukurasa wa kampuni: *Tunachunguza ujumbe uliotumwa bila idhini yetu. Tafadhali msiwe na hofu.*

"Msiwe na hofu," Nevena alisoma kwa sauti. Kalin alikuwa anakula supu ya maharage, hakuinua kichwa.

Jumatano asubuhi alikwenda duka la dawa la Bi Radka, pale chini ya majengo ya mtaa wa Drujba. Kulikuwa na foleni ya watu saba. Kwenye kaunta, Bi Radka, mwanamke mnene mwenye koti jeupe na kalamu mbili nyweleni, alikuwa ameshika simu ya bibi mmoja akiisoma meseji kwa mkono ulionyooshwa mbali.

"Wezi hawa, bibi. Achana nao. Leo wanakuambia ufute hiki, kesho watakuambia ubonyeze kile. Kunywa dawa zako kama simu inavyokuonyesha."

"Asiifuate simu," alisema Nevena kutoka nyuma.

Foleni yote iligeuka.

"Samahani?" Bi Radka alimtazama juu ya miwani.

"Hiyo meseji ni ya kweli. Ni mimi niliyeituma."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye… nilikuwa natengeneza Saa ya Dawa. Nimekosea. Inalia mara mbili."

"Tazameni," alisema mzee mmoja mwenye mkongojo, "siku hizi wanakuja wenyewe mpaka dukani. Hata aibu hawana."

"Mpigieni polisi," mwingine alisema.

"Angalia alivyovaa vizuri."

Nevena alitaka kutoka. Mlango ulikuwa nyuma yake, hatua tatu. Badala yake alimgeukia yule bibi wa kaunta, akamuuliza, "Bibi, tangu Jumapili simu yako inalia mara ngapi asubuhi?"

Bibi yule alifikiri. "Mara mbili."

"Na unakunywa mara ngapi?"

"Mara mbili," alisema bibi, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, na duka zima likamtazama anavyohesabu.

"Dawa gani?" Bi Radka aliuliza, ingawa yeye ndiye aliyemuuzia. Alijijibu mwenyewe kwa kufungua droo. Rangi ilimtoka usoni. Alimweka bibi yule kwenye kiti, akampigia daktari wa zahanati moja kwa moja, na alipokata simu alimkabili Nevena.

"Wewe unajua umenifanya nini? Nimewawekea hawa kwa vidole vyangu. Mmoja mmoja. Wengine hawajui hata kuwasha simu. Niliwaambia, iaminini simu hii kuliko mnavyojiamini wenyewe."

"Najua."

"Hujui kitu! Ulikosea wapi? Hesabu?"

"Niliacha kengele ya zamani ndani, na namba ya majaribio inayozuia kurekebisha nikasahau kuifuta."

"Ukasahau." Bi Radka alilirudia neno hilo taratibu, foleni yote isikie. "Mimi nikisahau mtu anakufa, binti. Ndiyo maana naandika." Akainama chini ya kaunta akatoka na daftari nene la jalada la buluu. Lilikuwa na jina na anwani ya kila mtu aliyemwekea programu ile, na dawa zake pembeni. Arobaini na sita.

Alipiga simu kwa mwenzake wa mjini, mwenzake akapiga kwa wenzake wa Razgrad na Silistra, na hao wakapiga kwingine. Kufikia Alhamisi adhuhuri maduka ya dawa ya nusu ya nchi yalikuwa yamebandika karatasi milangoni, zimeandikwa kwa mkono. Wauza dawa waliaminiwa. Wale wenye maduka mia mbili hawakusaini. Ijumaa kampuni ilitoa tangazo jipya, kwamba hitilafu ilisababishwa na mfanyakazi ambaye hayupo tena nasi, na kwamba programu mpya yenye jina jipya itapatikana baada ya miezi miwili. Nevena hakuwa amesaini chochote. Jina lake lilikuwemo hata hivyo.

"Unaona?" alisema Kalin. "Ungesaini, ungesemwa hivyohivyo lakini na mshahara." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma bei iliyobandikwa. Wiki ile alianza kuamka saa tisa za alfajiri kupakia zamu mbili, na walipopishana mlangoni walipishana kwa ubavu.

* * *

Bi Radka alimgawia Nevena daftari. Nakala, si lenyewe. "Wanaokuja dukani nitawaona mimi. Wasiotoka nyumbani ni wako. Uliwaingia bila hodi, sasa kawapigie hodi."

Nevena alikwenda na Dona, maana peke yake hawakumfungulia. Jengo la nne, orofa ya saba, aliishi Mzee Gencho, fundi saa mstaafu, mjane. Walibonyeza kengele. Kitundu cha mlango kilitiwa giza na jicho.

"Sinunui."

"Hatuuzi, mzee. Tumetumwa na Bi Radka wa duka la dawa."

"Ndivyo wasemavyo wote."

"Ni kuhusu simu yako. Inalia mara mbili."

"Simu yangu ni simu yangu. Naita polisi."

Nevena aliegemeza paji la uso ukutani. Huu ulikuwa mlango wa kumi na moja siku ile. Dona alimsukuma pembeni kwa nyonga, akakunja mkono wa sweta mpaka juu, akauinua mbele ya kitundu. Doa lilikuwa limeanza kugeuka njano pembezoni.

"Tazama huku, bwana mkubwa. Hii nimeipata kwa kugusa friji. Nimekunywa mara mbili kama wewe. Huyu ni mke wa mwanangu. Ndiye aliyeharibu, na ndiye huyu amekuja. Tapeli gani anakuja na mama mkwe?"

Mnyororo ulilia. Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja, na mkono mwembamba ukatoka na simu.

"Iondoe hapahapa, nikiona."

Nevena aliifuta mbele ya macho yake. Ilichukua sekunde chache, sura ya kengele nyekundu ikatoweka. Alimuuliza amekunywa nini na mara ngapi, akampigia Bi Radka, akapokea maelekezo, akayaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kumpitishia. Mzee aliisoma yote. Hakufunga mlango.

"Sasa nani atanikumbusha?" aliuliza.

"Programu nyingine itakuja baada ya miezi miwili…"

"Sikukuuliza mwezi wa Januari. Nimekuuliza kesho." Hakuwa na hasira. "Nilitengeneza saa miaka arobaini na moja, binti. Saa zangu zote humu ndani zinakwenda. Mimi ndiye siendi. Nakaa pale kwenye kiti, najua ni saa mbili, na sijui kama nimekunywa au ni jana nilipokunywa. Hicho kitu kilikuwa kinaniuliza, umekunywa? Nabonyeza ndiyo. Basi."

Nevena alimtazama Dona. Dona alikuwa anakunjua mkono wa sweta yake, hakumsaidia.

"Nitakupigia," Nevena alisema. "Saa mbili."

"Utapiga kweli?"

"Nitapiga."

"Niandikie jina, nijue ni wewe."

Aliliandika chini ya maelekezo ya dawa. Mlango uliofuata ulikuwa wa bibi kipofu wa jicho moja, na baada ya kufuta kengele yake, bibi aliuliza swali lilelile kwa maneno mengine. Na uliofuata pia. Aliyeuliza na asiyeuliza, wote walikaa wameshika simu zao zilizonyamazishwa, wakamtazama. Kufikia Jumamosi alikuwa na watu thelathini na wawili.

Jumatatu alitafuta kazi. Kampuni mbili zilimjibu. Moja ilimwambia tumesoma habari zako. Nyingine ilimwita Varna kwa mahojiano, saa tatu asubuhi.

"Varna ni safari ya saa tatu," alisema Kalin. Alikuwa ameketi kitandani anavua soksi. "Utaondoka saa kumi na mbili. Sasa hao watu wako?"

"Nitawapigia njiani."

"Thelathini na wawili, ukiwa unaendesha? Na ukipata hiyo kazi?"

Nevena aligeuza ukurasa wa daftari.

"Mwambie mama akusaidie."

"Mama anao kumi na wawili tayari. Hao thelathini na wawili ni wangu mimi."

Kalin aliishika soksi mkononi muda mrefu. "Waambie huwezi, Neva. Hawajakulipa, hawajakuajiri. Waambie tu."

"Waambie wewe," alisema, akamnyoshea simu.

Kalin aliitazama simu. Hakuichukua.

Asubuhi ile ya Varna hakwenda. Aliandika kuomba siku nyingine, na hawakumjibu. Saa moja na nusu alikaa kwenye meza ndogo kati ya friji na dirisha, daftari limefunguka, na upande wa pili wa meza Dona amekaa na simu yake na miwani yake, anaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kupigia kelele walio chini, "Halo! Bibi Penka! Ndiyo, kile cheupe! Kimoja!" Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka juu ya magari.

Mzee Gencho alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Umekunywa, mzee?"

"Nakunywa sasa. Subiri usikie." Alisikia glasi, maji, pumzi. "Tayari."

"Haya. Siku njema."

"Ngoja, ngoja. Hivi Krismasi pia utapiga?"

Nevena alishika kalamu juu ya jina la mzee, alipokuwa akitaka kuweka alama.

"Nitapiga."

"Na mwaka mpya?"

"Nitapiga, mzee," alisema, akaweka alama, akashuka kwenye mstari wa pili.